Katauti mpya inakufa tena: joto, pesti ya hitisinki na altaneta isiyopona

Altaneta, ile mashine inayochaji betri injini ikiunguruma, imefunguliwa, imewekwa katauti mpya (kidhibiti cha volti) au sahani mpya ya daiodi (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu), gari limechaji vizuri siku ile ile, na baada ya wiki chache dereva amerudi: "Fundi, taa ya betri imewaka tena." Kwenye gereji nyingi za huku Arusha, na Moshi vilevile, kesi inafungwa kwa maneno mawili: spea feki. Feki zipo, sibishi. Lakini hata spea nzima hufa haraka ikifungwa mahali ambapo joto lake halina pa kutokea, na kwenye kazi zinazorudi hilo ndilo ninalolikuta mara nyingi zaidi.

Hesabu yake si ngumu. Umeme wote unaotoka kwenye altaneta unapita kwenye daiodi mbili kwa wakati mmoja, moja ya upande wa chanya na moja ya upande wa hasi, na kila moja inakula karibu volti 1 mzigo ukiwa mkubwa. Altaneta ikitoa ampea 60, hapo una wati 120 hivi za joto tupu, ndani ya kopo la alumini lililobanwa ubavuni mwa injini ya moto. Joto hilo linatakiwa litoke kwenye daiodi liingie kwenye sahani, kisha liende kwenye bodi ya altaneta au kwenye mapezi yanayopigwa na upepo wa feni. Linakwama pale chuma kinapokutana na chuma. Kwa macho utaona vimegusana, kumbe vinagusana kwa vilele vidogo tu, katikati yake imebaki hewa, na hewa haipitishi joto karibu kabisa. Pesti ya hitisinki, ile nyeupe ya mafuta ya silikoni na unga wa zinki oksaidi, kazi yake ni kujaza vinafasi hivyo. Inapitisha joto mara kadhaa kuliko hewa, lakini kwa alumini haifui dafu hata kidogo. Ndiyo maana ikipakwa nyembamba inasaidia, na ikipakwa nene inageuka blanketi.

Pima kabla hujafungua

Betri iliyopumzika na iliyojaa inasoma karibu volti 12.6. Injini ikiunguruma, tegemea kati ya 13.8 na 14.5 kwa mfumo wa volti 12. Coaster nyingi za dizeli na baadhi ya Land Cruiser zina mfumo wa volti 24, hizo zidisha mara mbili. Washa taa kubwa na feni ya ndani, pandisha injini mpaka mizunguko 2000 hivi kwa dakika, kisha pima tena. Ikishuka chini ya 13.2 na kubaki hapo, altaneta inalemewa au kuna mahali umeme unapotea.

Sasa tafuta unapotea wapi. Taa zikiwa bado zinawaka, weka ncha moja ya mita ya umeme kwenye bolti ya B ya altaneta (ile inayotoa umeme kwenda kwenye betri) na nyingine kwenye chanya ya betri. Kisha pima kati ya bodi ya altaneta na hasi ya betri. Kila kipimo kisizidi volti 0.2 au 0.3. Kikizidi, tatizo ni waya, kichwa cha betri au bolti yenye kutu, na ukifungua altaneta utakuwa unahangaika na kitu kizima.

Kipimo cha tatu ni cha daiodi. Geuza mita kwenye volti za AC (umeme unaobadilika mwelekeo), ipime betri injini ikiunguruma na taa zikiwaka. Zaidi ya volti 0.5 maana yake kuna daiodi inayovujisha au iliyokata. Hapa angalia mita yako kwanza: nyingi za bei nafuu zikiwekwa kwenye AC juu ya betri husoma 27 au 28 hata gari likiwa limezimwa, kwa sababu haziwezi kuchuja umeme wa betri. Mita isiposoma sifuri gari likiwa limezimwa, usiitumie kwa kipimo hiki.

Asubuhi inachaji, mchana inaacha

Gari linatoka nyumbani Sakina mita ikisoma 14.3. Likishakaa kwenye foleni ya Kilombero hapa Arusha, au likipanda mlima wa kutoka Mto wa Mbu, inasoma 12.8 na taa ya betri inawaka hafifu. Liache lipoe nusu saa, linachaji tena kama halikuwa na neno.

Volti kushuka kidogo kwa sababu ya joto si ugonjwa. Katauti nyingi zimetengenezwa zipunguze volti zenyewe zikipata moto, ili betri isichemke. Kutoka 14.4 hadi 13.7 ni kazi yake ya kawaida. Ikienda chini ya 13, hapo sasa kuna jambo.

Usianze na katauti. Anza na kaboni, vile vijiti vinavyopeleka umeme kwenye pete za rota: zikiisha zinabaki fupi, springi inakosa nguvu, na zikipanuka kwa moto zinakwama kwenye nyumba yake. Halafu rota yenyewe, koili inayozunguka ndani ya altaneta. Pima ukinzani kwenye pete za shaba ikiwa baridi, kwa altaneta za volti 12 nyingi utapata kati ya omu 2 na 5. Ipime tena ikiwa ya moto. Shaba ikipanda kutoka nyuzi 20 hadi 100 inaongeza ukinzani kwa karibu theluthi moja, hivyo rota ya omu 3 ikisoma 4 ni nzima. Ikiruka hadi 30, au mita ikasema hakuna njia kabisa, kuna kiungo cha lehemu kinachoachana ikipata moto, mara nyingi pale waya wa rota unapoungana na pete.

Kaboni nzima, rota nzima, basi katauti ndiyo inayochoka kwa joto. Kabla ya kununua nyingine angalia imekaaje. Kwenye altaneta nyingi za Denso, zile za Noah, Probox na IST, katauti ina mapezi yake yenyewe na inasimama kwenye upepo. Pale pesti haina kazi. Kazi ipo kwenye kusafisha mapezi, maana vumbi la Ngorongoro na Serengeti likichanganyika na mvuke wa oili linagandamana kati yake mpaka hupitishi hata njiti ya kiberiti. Na rudisha kava ya nyuma. Ile plastiki wengi wanaiona urembo, wakiona imepasuka wanaitupa, kumbe ndiyo inayoelekeza hewa ipite juu ya sahani na katauti kabla ya kuvutwa na feni. Bila kava, hewa inapita pembeni.

Aina nyingine katauti yake ina mgongo bapa wa chuma unaolala moja kwa moja kwenye bodi au kwenye sahani. Hiyo ndiyo inayotaka pesti, na ukiifungua kwa mara ya kwanza tangu kiwandani utakuta mabaki meupe yaliyokauka. Ukiyaona, lazima uyarudishe mapya.

Katauti mpya imeungua ndani ya mwezi

Hapa naomba usiharakishe, kwa sababu sababu ni nyingi na fundi akikosea moja mteja ananunua spea mara tatu.

Sababu ya kwanza haihusu joto la nje kabisa: rota yenye shoti ya ndani. Ikisoma chini ya omu 2 kwenye volti 14, inavuta ampea 7 au zaidi badala ya 4 au 5, na transista ya katauti inayobeba mzigo huo inakaangika hata ungeipaka pesti ya dhahabu. Kwa hiyo, hakuna kufunga katauti mpya kabla ya kupima rota, na kabla ya kuhakikisha pete za shaba haziongei na shafti.

Ya pili ni tabia yetu mafundi na madereva: kuchomoa waya wa betri injini ikiunguruma, "tuone kama altaneta inazalisha." Betri ndiyo inayomeza mshtuko wa volti. Ukiiondoa ghafla, volti inaweza kuruka mara kadhaa ya kawaida kwa sehemu ya sekunde, na daiodi na katauti ndizo za kwanza kuumia. Zinaweza zisife pale pale, ndiyo maana hakuna anayeunganisha kosa hilo na kifo kinachokuja wiki mbili baadaye. Mita ya bei ya chini inajibu swali lile lile bila kuharibu kitu. Vivyo hivyo kuchomelea keria au chesisi bila kutoa nyaya za betri, na hapa Arusha magari ya safari yanachomelewa kila msimu.

Ya tatu ni betri iliyokufa. Altaneta iliyotengenezwa ikifungwa kwenye gari lenye betri tupu inalazimika kutoa uwezo wake wote kwa muda mrefu, na gari likiwa limesimama feni yake inazunguka polepole. Hakuna hali mbaya kuliko hiyo: mzigo wa juu, upepo wa chini. Fikiria kifodi kimesimama stendi kinasubiri abiria, muziki juu, taa zote zinawaka, betri ina selo moja mbovu. Chaji betri nje kwanza, au ibadilishe.

Ya nne ndiyo ya pesti, na nitaieleza kwa gari moja. Ililetwa Land Cruiser ya kampuni ya utalii, ina friji, redio ya mawasiliano na soketi za kuchajia kamera za wageni. Katauti zilikuwa zinakufa moja baada ya nyingine, zote mpya, za maduka tofauti. Altaneta kwa nje ilimeremeta. Nilipoitoa katauti nikakuta kwa nini: aliyeitengeneza kabla alikuwa ameisafisha bodi na kuipulizia rangi ya silva kote, mpaka kwenye kiti ambacho katauti inalala. Juu ya rangi akaweka pesti nene kiasi kwamba bolti zilipokazwa ilitoka pembeni kama ukoko mweupe, na alama za msasa wa zamani zilibaki zimejaa rangi. Katauti ile ilikuwa imekaa juu ya tabaka mbili za kuzuia joto. Zaidi ya hapo, ilikuwa inategemea bolti peke yake kupata hasi, kwa sababu rangi inazuia na umeme pia. Rangi ilipotolewa na kiti kikarudi kuwa alumini tupu, gari lile liliendelea na kazi yake.

Kwa hiyo kazi ya pesti inaanza na usafi. Kwangua mabaki ya zamani kwa plastiki, usitumie bisibisi, maana mkwaruzo mmoja unaacha ukingo unaoinua sahani nzima. Futa kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Weka rula ya chuma juu ya kiti, tazama kwenye mwanga: ukiona mwanga unapita katikati, uso umepinda. Kupinda kidogo unakuondoa kwa msasa laini, namba 400 kisha 600, uliolazwa juu ya kioo, ukisugua kwa kuzungusha. Sahani iliyopinda sana kwa joto ibadilishe, hakuna pesti inayofidia nafasi unayoiona kwa macho.

Paka upande mmoja tu. Tone dogo, kisha litandaze kwa ukingo wa kadi ya vocha mpaka uone rangi ya chuma kwa chini kupitia weupe wake. Ukiona weupe mtupu, punguza. Laza katauti au sahani moja kwa moja chini, isukume kidogo kushoto na kulia ili hewa itoke, kaza bolti kwa zamu, kila moja kidogo kidogo, mpaka zote zikae. Nyuzi za alumini hazitaki nguvu za spana ndefu. Kilichotoka pembeni kifute chote, vumbi linakipenda.

Kuhusu mbadala: grisi ya kawaida ikipata moto inayeyuka na kutiririka kuelekea kaboni. Silikoni ya kuzibia gasketi haikutengenezwa kwa kupitisha joto, na ikishaganda inaacha sahani imeinuka. Dawa ya meno inakauka na kuwa unga. Pesti ya kompyuta ya kwenye sirinji inafaa ikiwa ni ile nyeupe au ya kijivu isiyopitisha umeme. Zenye chembe za chuma ziache kabisa kwenye sahani ya chanya, sababu utaiona mbele.

Daiodi zimeungua, kuna matone ya lehemu ndani ya kava

Ukifungua kava ukakuta vitone vidogo vya kung'aa vimeruka na kuganda ukutani, umeshapata ushahidi. Lehemu ya kawaida ya bati na risasi inayeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Kiungo kilichofika huko hakikufika kwa bahati mbaya.

Tenganisha steta (koili zisizozunguka) na sahani, weka mita kwenye alama ya daiodi, pima kila daiodi peke yake. Nzima inasoma volti 0.45 hadi 0.6 upande mmoja na hakuna njia upande wa pili. Iliyokufa inasoma sawa pande zote, ama sifuri ama hakuna kitu. Kuna daiodi inayopima vizuri ikiwa baridi na kuvuja ikiwa ya moto, kwa hiyo ipashe kwa drai ya nywele mpaka vidole vishindwe kuishika, kisha rudia. Volti yake itashuka, hilo ni la kawaida: silikoni inapoteza karibu milivolti 2 kwa kila nyuzi moja, hivyo iliyosoma 0.50 inaweza kusoma 0.38. Unachotafuta ni njia kufunguka upande wa kinyume.

Ukibadilisha sahani, kiti cha upande wa hasi kinachokaa kwenye bodi kipe huduma ile ile ya usafi na pesti nyembamba. Angalia pia feni. Kwenye altaneta za zamani zenye feni ya nje, mapanga yaliyopinda yana upande wake, na feni iliyofungwa kinyume inavuta hewa kidogo sana.

Kwenye Hiace na Hilux za dizeli zenye injini kama 2L au 3L, altaneta inabeba pampu ya vakyumu mgongoni. Sili ikichoka, oili inaingia ndani na hakuna ufundi wa umeme utakaodumu mpaka sili ibadilishwe.

Umemaliza kufunga, ukigusisha betri inapiga cheche kubwa

Acha mara moja, usijaribu tena. Bolti ya B ina umeme wa betri muda wote hata swichi ikiwa imezimwa, na sahani ya chanya imetengwa na bodi kwa washa (vipete bapa vya bolti) na vijibomba vya plastiki, maika au fiba. Kimoja kikisahaulika, kikipasuka au kikitobolewa na kichwa cha bolti, chanya imekutana na bodi. Hapa ndipo pesti yenye chembe za chuma inapoleta balaa, kwa sababu ikifurika pembeni mwa washa inaweza kuwa daraja.

Ukaguzi wa sekunde kumi kabla ya kurudisha altaneta kwenye gari: mita kwenye alama ya daiodi, ncha nyekundu kwenye bodi, nyeusi kwenye B. Itasoma karibu volti 0.8 hadi 1.1, yaani daiodi mbili zilizofuatana. Geuza ncha, isionyeshe njia. Ikilia pande zote, fungua tena utafute washa.

Gari limelala, asubuhi betri haina nguvu

Asubuhi ya Julai, kabla ya kuwasha chochote, fungua boneti uishike altaneta kwa mkono. Injini yote ni ya baridi kali, altaneta ina uvuguvugu? Daiodi inavuja na umeme umekuwa ukirudi usiku kucha. Hakikisha kwa kupima ampea kati ya hasi ya betri na waya wake, gari limezimwa na milango imefungwa. Ikizidi miliampea 50 hivi, tenganisha waya wa B na uufunike vizuri usiguse bodi. Kipimo kikishuka, umempata mkosaji. Kwenye magari yenye redio ya mawasiliano, daiodi hiyo hiyo mchana inajitambulisha kwa mlio mwembamba unaopanda na kushuka na injini.

Pesti imewekwa, hali imekuwa mbaya zaidi

Karibu kila mara ni mambo mawili. Imewekwa nyingi, sahani haikukaa chini na hasi yake imekuwa legelege: rudia kipimo cha bodi ya altaneta na hasi ya betri. Au imegusa pete za shaba, iwe kwa kidole au kwa kitambaa kilekile. Silikoni ni kizuizi cha umeme na ikiingia kwenye kaboni inazila. Futa pete kwa spiriti, zipitie kwa msasa laini sana, na kaboni zilizonyonya zibadilishe.

Kuchaji kupita volti 15 na mlio wa kukwaruza hazihusiani na pesti. La kwanza tafuta kwenye katauti na waya wake wa kuhisi volti, la pili kwenye beringi.

Kabla ya kukabidhi gari

Betri ikiwa imechajiwa nje, funga, washa, weka taa kubwa na feni, acha injini kwenye mizunguko ile ile ya 2000, muda wa dakika 20 hadi 30, boneti ikiwa imefungwa. Kisha rudia vipimo vyote vikiwa vya moto: volti za betri, AC, na upotevu wa pande mbili. Viandike kwenye daftari pamoja na namba ya gari na tarehe. Dereva akirudi baada ya mwezi na taa ya betri inawaka, utafungua ukurasa huo kwanza uone ni kipimo gani kimebadilika.